Udongo Mwekundu wa Orange: Siku Tano Kwenye Nyumba na Mashamba ya Kale ya Virginia

Alhamisi

Kaunti ya Orange iko katikati ya jimbo la Virginia, katika ukanda wa vilima unaotenganisha Milima ya Blue Ridge na tambarare ya pwani. Iliundwa mwaka 1734 na ikapewa jina la William, Mwana wa Mfalme wa Orange, aliyemwoa Anne, binti wa Mfalme wa Uingereza, mwaka huohuo. Wageni wengi huja huku kutazama nyumba za wakubwa walioishi hapa, hususan ya James Madison, Rais wa nne wa Marekani. Mimi nimefundisha kilimo kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, kwa hiyo nilikuja na swali la aina nyingine: mashamba gani yaliyolipia majumba haya, na nani aliyeyalima?

Tulitoka Charlottesville asubuhi, tukapita Barboursville kwanza kwa kuwa ndiyo njia. Mwenyeji wangu, mzaliwa wa Uvira aliyehamia Virginia pamoja na familia yake, alikuwa kwenye usukani. Tulipovuka mpaka wa kaunti nikamwomba asimamishe gari pembeni mwa shamba lililokuwa limetoka kuvunwa soya, kwa sababu ukingo wa barabara ulikuwa umekatwa wima na udongo ulionekana vizuri: mfinyanzi mwekundu wenye kina, mwekundu kama ule wa miteremko ya Karatu. “Mwalimu,” akaniambia, “wengine niliowaleta huku walitaka kuona nguzo. Wewe umeanza na mtaro.” Nikamjibu kwamba nguzo zimetoka mtaroni, na sikusema hivyo kwa mzaha, maana matofali ya nyumba nyingi za hapa yalifinyangwa kwa udongo wa shamba lilelile na kuchomwa katika tanuri zilizojengwa papo hapo.

Barboursville ni magofu. Nyumba ilijengwa kati ya mwaka 1814 na 1822 kwa ajili ya James Barbour, ambaye alikuwa gavana wa Virginia wakati wa vita ya 1812 dhidi ya Uingereza, kisha seneta, na baadaye Waziri wa Vita. Ramani yake ilichorwa na rafiki yake Thomas Jefferson, Rais wa tatu wa Marekani, na kwa yeyote aliyewahi kuona kazi nyingine za Jefferson mkono wake hautafutwi sana: sebule ya pembe nane iliyotokeza nyuma ya nyumba, baraza refu lenye nguzo, na kuba ambalo lilichorwa lakini halikujengwa kamwe. Moto uliiteketeza siku ya Krismasi ya mwaka 1884. Familia ikahamia katika majengo ya huduma yaliyokuwa kando, na kuta za nyumba kubwa zikaachwa zisimame bila paa hadi leo. Nimeona kwamba kuungua kwake kumemsaidia mwanafunzi wa ujenzi, kwa kuwa plasta imebanduka na tofali lenyewe liko wazi. Mtu anaweza kuona jinsi ukuta ulivyofungwa, unene wake, na mahali mihimili ya sakafu ilipokuwa imechomekwa.

Kuzunguka magofu kuna mizabibu kila upande. Hili lina historia yake. Tangu miaka ya 1770 Jefferson alijaribu kuotesha mizabibu ya Ulaya huko Monticello, shamba lake, pamoja na Mwitaliano Filippo Mazzei, wala hakufanikiwa. Hakuna aliyejua wakati ule kwamba katika udongo wa Amerika kuna mdudu mdogo, filoksera, anayekula mizizi ya mzabibu wa Ulaya, na kwamba ukungu wa majira ya joto yenye unyevu humaliza kilichobaki. Dawa ya mdudu huyo ilipatikana baada ya karibu karne moja, nayo ni kubebesha kikonyo cha mzabibu wa Ulaya juu ya shina la mzabibu wa Marekani. Mwaka 1976 Gianni Zonin, Mwitaliano wa ukoo wa watengenezaji mvinyo, alinunua shamba hili, na kilimo cha zabibu za Ulaya kikashika katika Virginia. Mavuno yalikuwa yamekwisha tulipofika, majani yameanza kugeuka manjano, na kati ya safu na safu nyasi zilikuwa zimeachwa makusudi kuzuia mmomonyoko.

Mchana tulikwenda Gordonsville, mji mdogo uliokua mahali njia mbili za reli zilipokutana. Jengo lake mashuhuri ni Exchange Hotel, iliyofunguliwa mwaka 1860 kwa ajili ya abiria. Miaka miwili baadaye, wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani (1861–1865), jeshi la Kusini, yaani la majimbo ya watumwa yaliyojitenga, liligeuza hoteli kuwa hospitali, na inakadiriwa kwamba majeruhi na wagonjwa wapatao 70,000 walipita hapo kabla vita haijaisha; baada ya vita lilitumiwa na idara ya serikali iliyowahudumia watu waliotoka utumwani. Sasa ni jumba la makumbusho. Lakini mimi nilikwenda Gordonsville kwa sababu ya kuku.

Baada ya utumwa kukomeshwa, wanawake weusi wa mji huu walianza kukaanga kuku, kuoka mikate na kupika kahawa nyumbani, wakapanga vyakula juu ya sinia, wakajitwisha sinia kichwani na kuzisubiri treni stesheni. Mabehewa ya wakati ule hayakuwa na chakula. Treni iliposimama waliinua sinia hadi madirishani, abiria akachukua paja la kuku na kutoa fedha kwa mkono. Walifuga baadhi ya kuku wao wenyewe, wakanunua wengine kwa majirani, na mtaji wote ulikuwa ua, jiko na nguvu za shingo. Biashara hiyo ilidumu kwa vizazi, ikarithiwa na binti kutoka kwa mama, mpaka mabehewa ya mgahawa, masharti ya mji na madirisha yasiyofunguka yakaimaliza katika karne ya 20. Mmoja wao, Bella Winston, akiwa mzee alieleza kwamba mama yake alilipia nyumba yao kwa miguu ya kuku. Kwa maoni yangu nyumba iliyopatikana namna hiyo ni ya kihistoria kwa kiwango kilekile cha nyumba ya gavana, na ingestahili kibao chake cha shaba barabarani.

Ijumaa

Tulilala katika mji wa Orange, makao makuu ya kaunti, na asubuhi tukatembea kwa miguu. Mahakama ya mwaka 1859, yenye mnara wa mtindo wa Kiitaliano, inapendeza. Kanisa la Mtakatifu Thomas lilijengwa miaka ya 1830, na Jenerali Robert E. Lee wa Kusini alisali humo jeshi lake lilipopiga kambi jirani. Mayhurst, nyumba ya mbao iliyopambwa kupita kiasi na kumalizika mkesha wa vita, ilijengwa na jamaa wa Madison na sasa inapokea wageni wa kulala. Sikukaa sana kwenye mojawapo.

Sehemu kubwa ya siku tuliitumia katika barabara za ndani kusini-magharibi mwa mji, kwenye eneo ambalo tangu mwaka 1991 limeandikishwa kuwa wilaya ya kihistoria ya vijijini kwa majina ya koo za Madison na Barbour. Lina zaidi ya ekari 30,000. Uzuri wa uandikishaji wa aina hii ni kwamba haukuitenga nyumba moja moja kama kito. Umetaja pia maghala, vinu, makanisa madogo, ua za miti, barabara za zamani na mashamba yenyewe. Nyumba kama Frascati, aliyoijenga Philip Barbour, ndugu yake James na baadaye jaji wa Mahakama Kuu ya Marekani, ni mali ya watu binafsi na huonekana kwa mbali tu, nyuma ya malisho ya ng’ombe.

Inafaa wasomaji wa nyumbani wajue kwamba kuandikishwa katika orodha ya taifa hakumzuii mwenye nyumba kuibomoa kwa fedha yake mwenyewe. Kinachofunga kweli ni hati ya uhifadhi: mwenye shamba anatia sahihi, kwa hiari, kuachia haki ya kukata viwanja au kujenga zaidi ya kiasi fulani, na sharti hilo linaifuata ardhi hata ikiuzwa au kurithiwa, naye anapata nafuu ya kodi. Ndiyo maana mtu anaweza kwenda maili nyingi hapa bila kuona mtaa mpya katikati ya malisho, ilhali Washington haiko mbali. Nimeiwaza sana njia hii. Inahitaji hatimiliki zisizo na ugomvi na kodi inayokusanywa kwa haki, lakini haihitaji serikali kumnyang’anya mtu kitu.

Jioni nilisoma tena hotuba aliyoitoa Madison mwezi Mei mwaka 1818, akiwa amemaliza urais na kurudi kulima, mbele ya chama cha wakulima cha kaunti jirani ya Albemarle ambacho yeye alikuwa mwenyekiti wake. Wengi humsoma Madison kwa ajili ya Katiba ya Marekani aliyosaidia kuiandika. Hotuba hii ningeiweka katika kila chuo cha kilimo. Tumbaku ilikuwa imelimwa Virginia kwa vizazi kwa namna ya kuchosha kipande, kukiacha na kufyeka kingine. Ngano ilipochukua nafasi yake watu waliendelea na tabia ileile. Madison aliorodhesha makosa: kulima ardhi iliyokwisha kuchoka, kulima kwa jembe lisilozama na kufuata mteremko badala ya kuukinga, kupuuza samadi, kupenda farasi kuliko maksai, kufuga ng’ombe wengi kuliko malisho, na kufyeka misitu kana kwamba haitakwisha. Kila neno ni kweli hadi leo. Lakini ndani ya hotuba nzima ya mkulima anayeshughulikia rutuba, mikono iliyoshika jembe haina nafasi inayostahili, na kwa hilo sina budi kusema kwamba mtu mwenye akili kubwa kiasi kile aliliona tatizo kwenye udongo na akashindwa kulitatua pale lilipoanzia.

Jumamosi

Upande wa mashariki wa kaunti nchi inabadilika. Vilima vinashuka, udongo unakuwa hafifu na msitu unakaribia barabara. Hapa, kwenye kona ya Mto Rapidan, Gavana Alexander Spotswood wa koloni la Virginia aliwaweka Wajerumani kutoka eneo la Siegen mwaka 1714, mafundi wa madini, ndani ya boma la miti lenye pembe tano. Mahali pakaitwa Germanna. Baadaye Spotswood alijijengea jumba ambalo mgeni wake William Byrd, aliyefika mwaka 1732, alilitania kwa kuliita kasri la uchawi. Liliungua karne hiyohiyo, na kinachoonekana leo ni msingi uliofukuliwa na wataalamu.

Chuma cha Spotswood ndicho kilichouumba msitu unaoitwa Wilderness. Tanuru za kuyeyushia chuma zilikula mkaa usio na kikomo, miti mikubwa ikakatwa, na kilichoota badala yake ni vichaka vizito vya miti myembamba ambavyo mtu hawezi kuona hatua chache mbele. Ndani ya vichaka hivyo, mwezi Mei mwaka 1864, majeshi ya Ulysses Grant wa Kaskazini na Robert E. Lee wa Kusini yalipambana kwa siku mbili na zaidi; moto ukashika majani makavu na kuwaunguza majeruhi walioshindwa kutambaa. Kukata msitu kwa ajili ya chuma kuliwaua watu miaka zaidi ya 100 baadaye, na sijaona mahali pengine ambapo athari ya matumizi ya ardhi inaonekana kwa ukatili namna hii.

Ellwood imo ukingoni mwa msitu huo, nyumba ya mbao ya ghorofa mbili, yenye kimo cha kawaida, iliyojengwa na William Jones mwishoni mwa karne ya 18. Katika makaburi ya ukoo, ndani ya shamba, umezikwa mkono wa kushoto wa Jenerali “Stonewall” Jackson wa Kusini, uliokatwa katika hospitali ya uwanjani Mei 1863 baada ya askari wake mwenyewe kumpiga risasi gizani. Yeye alifariki siku chache baadaye na kuzikwa kwingine. Wageni hupiga picha jiwe la mkono. Ni haki yao. Ila shamba hili lililimwa na watumwa kwa miongo mingi, na jiwe hilo la kiungo kimoja cha mwili lina maandishi yanayosomeka vizuri, jambo ambalo wengi wa waliolima hapa hawakulipata kwa miili yao mizima.

Mwenyeji wangu alinionyesha pia upande wa barabara kuu ambako duka kubwa la Walmart lilitaka kujenga, jirani na uwanja wa vita. Wanahistoria na wakazi walipinga, kesi ikafika mahakamani, na Januari 2011 kampuni ikaacha mpango wake.

Jumapili

Siku nzima Montpelier, shamba na nyumba ya James Madison. Ardhi hii ilimilikishwa kwa Ambrose Madison, babu wa Rais, mwaka 1723. Aliwatanguliza watumwa na msimamizi wao wafyeke msitu, na familia ilipohamia mwaka 1732 alifariki majira hayohayo ya joto. Watumwa watatu, Pompey, Turk na Dido, walishtakiwa kwa kumpa sumu. Pompey alinyongwa, wawili wengine wakachapwa viboko na kurudishwa kazini. Kwa hiyo kumbukumbu za mwanzo kabisa za shamba hili zina kifo cha bwana na kunyongwa kwa mtumwa.

Nyumba ya matofali ilijengwa na baba yake Rais karibu mwaka 1764. Madison alipooa na kurudi na Dolley, aliongeza upande mmoja na baraza lenye nguzo nne, na kwa muda nyumba ikawa ya familia mbili zisizo na mlango wa ndani wa kuziunganisha, wazazi huku na mwana kule. Wakati wa urais wake, kati ya mwaka 1809 na 1812, mafundi James Dinsmore na John Neilson, waliokuwa wamefanya kazi Monticello, waliongeza mabawa na kuifanya nyumba moja. Katika chumba cha vitabu cha ghorofani Madison alisoma habari za jamhuri za kale kabla ya mkutano wa Katiba wa 1787.

Alikufa mwaka 1836 akiwa na madeni. Bei ya mazao ilikuwa imeanguka, ardhi imechoka, na miaka miwili kabla ya kufa alikuwa amewauza watumwa 16 kwa jamaa yake wa Louisiana. Mwaka 1844 Dolley aliuza nyumba. Baada ya wamiliki kadhaa, William duPont aliinunua mwaka 1901 na kuipanua hadi vyumba 55, akiipaka lipu. Binti yake Marion aliufanya uwanja wa mbele kuwa wa mbio za farasi, zinazofanyika hadi sasa kila Novemba. Kati ya 2003 na 2008 nyumba ilirudishwa katika vyumba 22 vya wakati wa Madison. Mafundi walibandua lipu, wakafuata alama za misumari, mabaki ya karatasi za ukutani na hata vipande vilivyobebwa na panya hadi kwenye viota vyao ndani ya kuta, ili kujua nini kilikuwa wapi. Ni kazi ya uvumilivu inayostahili sifa.

Niliomba kuonyeshwa tofali lenye alama za vidole. Watoto wa watumwa walikuwa wakigeuza matofali mabichi juani ili yakauke pande zote, na kwenye baadhi vidole vyao vilizama kidogo kabla ya tanuri. Alama ni ndogo. Kidole changu hakikuenea.

Jumatatu

Tulirudi Montpelier asubuhi na mapema kwa ajili ya yale yasiyo ndani ya nyumba. Ua wa Kusini, hatua chache kutoka vyumba vya Rais, ulikuwa na nyumba za watumwa wa ndani, jiko na vibanda vya kukausha nyama. Vilitoweka katika karne ya 19 na vimejengwa upya juu ya misingi iliyofukuliwa, kwa msaada wa dola milioni 10 zilizotolewa na tajiri David Rubenstein mwaka 2014. Chini ya nyumba kubwa, katika vyumba vya chini, tangu 2017 kuna maonyesho ambayo yaliandaliwa pamoja na wazao wa watumwa wa hapa. Zaidi ya watu 300 walitumikishwa Montpelier, na majina yao yanayojulikana yameandikwa ukutani. Mmoja ni Paul Jennings, aliyezaliwa mwaka 1799, akapelekwa Ikulu akiwa mtoto, akawepo Madison alipokata roho. Seneta Daniel Webster alilipa dola 120 mwaka 1847 ili awe huru, na Jennings akazirudisha kwa kazi. Kumbukumbu zake zilichapishwa mwaka 1865.

Stesheni ndogo ya reli ya mwaka 1910 imeachwa ilivyokuwa, na vyumba viwili vya kusubiria vilivyotengwa, cha Wazungu na cha watu weusi. Halafu tukavuka barabara kwenda kwa George Gilmore.

Gilmore alizaliwa mtumwa hapa karibu mwaka 1810. Baada ya vita alilima kama mpangaji, na mwaka 1873, mwaka unaothibitishwa na pete za umri ndani ya magogo yenyewe, alijenga nyumba ya magogo kwa ajili yake, mkewe Polly na watoto wao: chumba kimoja chini, dari ya kulala juu, bomba la moshi la mawe. Mianya imezibwa kwa udongo mwekundu. Nilizunguka nyumba nikaangalia mahali alipolima, mteremko wa wastani karibu na chanzo cha maji, usiomwagia mvua mlangoni. Ni kazi ya mtu aliyeijua ardhi hii kwa miaka 60 kabla ya kujenga nyumba yake juu yake.

Mwaka 1901, mwaka uleule duPont aliponunua nyumba kubwa ng’ambo ya barabara, Gilmore, akiwa na umri wa karibu miaka 90, alinunua ekari zake 16 kwa dola 560 kutoka kwa mmoja wa ukoo wa Madison. Alifariki mwaka 1905. Kitukuu wake, Rebecca Gilmore Coleman, alipigania nyumba isiachwe ianguke, na ikafunguliwa kwa umma mwaka 2005.

Mwaka 2021 bodi ya Montpelier ilikubali kugawana uongozi sawa kwa sawa na kamati ya wazao wa watumwa. Mwaka uliofuata ulitokea mgogoro mkali juu ya makubaliano hayo, watu wengi nchini wakaingilia, na mwezi Mei 2022 bodi ikachagua wajumbe wapya waliopendekezwa na kamati hiyo. Wazao wa waliolima shamba sasa wanashiriki kuamua nini kifukuliwe, nini kijengwe na nini kielezwe kwa mgeni. Kabla ya kuondoka tulipita makaburi ya watumwa, yaliyo chini ya miti na kuwekewa mawe ya shambani yasiyo na majina, na mwenyeji wangu akasema atawaleta watoto wake wakati wa likizo, akianza na nyumba ya Gilmore.